Visu vya kukunja vyenye bapa nyingi: tuhesabu springi kabla ya kuhesabu bapa

Mnoaji wa Ngamiani

Wanajukwaa, salaam aleikum. Huku Ngamiani, mjini Tanga, huletewa visu vya kukunja vya mfukoni vya namna ya zamani, vile vyenye mpini wa mfupa au wa plastiki, kofia za madini kwenye miisho ya mpini, na bapa mbili, tatu au nne ndani yake. Vingi hupatikana mitumbani, vingine huletwa na ndugu waliofanya kazi melini. Karibu kila mwenye kisu huanza kwa kunitajia idadi ya bapa, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo habari inayoeleza machache kuliko zote. Kinachoamua kama kisu kitafunguka bila kuvunja ukucha, kitakata pasipo kutikisika na kitadumu, ni idadi ya springi zilizoko mgongoni, mwisho wa mpini ambako kila ubapa umefungwa, na namna fundi wa kiwandani alivyozipatia bapa zote nafasi ya kulala. Uzi huu ni wa jambo hilo.

Kishike kisu kikiwa kimefungwa, mgongo wake ukitazama juu. Utaona vipande virefu vya chuma vimelala kati ya bamba za pembeni, ambazo mara nyingi ni za shaba ya njano. Vipande hivyo ndivyo springi. Ubapa nao una shina, yaani sehemu nene isiyonolewa inayopitiwa na ribiti, na shina hilo limechongwa kwa pembe ili springi ilikandamize muda wote. Ubapa ukiwa umefungwa, springi hulala juu ya upande mmoja wa shina. Ukiwa wazi, hulala juu ya upande mwingine. Na ukiwa njiani, springi huinuka, ndiyo maana mgongo wa kisu huvimba kidogo kinapofunguliwa nusu. Mashina mengine yameachiwa pembe kali, ubapa ukasimama kwanza ukiwa wima kabla ya kuendelea; mengine yamezungushwa, ubapa ukapita moja kwa moja. Kufuli hakuna. Kinachouzuia ubapa usirudi juu ya vidole ni msukumo wa springi peke yake, kwa hiyo visu hivi ni vya kukatia, si vya kudungia wala kupekechea, na anayekifanya kisu cha namna hii kuwa bisibisi au patasi asimlaumu aliyekitengeneza.

Springi inaweza kufungwa kwa njia mbili, na miundo yote inaanza kuachana hapo. Ya kwanza ni kuifunga mwisho mmoja na katikati, ikabaki na mkono mmoja ulio huru. Mkono huo hubeba bapa za mwisho mmoja tu wa mpini. Ya pili ni kuifunga katikati tu, ikawa na mikono miwili, kila mmoja ukibeba ubapa wa upande wake. Visu vya pande mbili vilitokana na vile vidogo vya makarani vya kuchongea kalamu za unyoya, na mpaka leo ubapa mdogo wenye ncha katika kisu cha mfukoni huitwa wa kalamu. Faida ya njia ya pili ni wembamba, kwani bapa mbili hubebwa na springi moja. Hasara yake ni kwamba kila mkono wa springi ni mfupi, na springi fupi yenye unene uleule huwa ngumu zaidi kuinuka, hivyo mtengenezaji hulazimika kuipunguza kwa uangalifu. Akizidisha, ubapa hulegea, na akipunguza kidogo mno, mtumiaji huacha kucha zake humo.

Mfano mzuri wa njia hii kufikishwa mbali ni kisu cha maofisa alichokisajili Karl Elsener wa Uswisi tarehe 12 Juni 1897, ambacho wengi tunakijua kwa jina la baadaye la kampuni yake, Victorinox. Ubora wake haukuwa wingi wa vifaa. Ulikuwa katika kuvibeba vifaa sita kwa springi mbili tu, kwa kuzitumia springi zilezile pande zote, tumboni na mgongoni. Hata leo ukikitazama kile kidogo cha tabaka mbili, chenye urefu wa milimita 91, utauona ubapa mkubwa na ubapa mdogo vikitoka miisho tofauti juu ya springi moja, na kifungulia kopo kikitazamana na kifungulia chupa juu ya springi ya pili, huku kizibuo na msumari wa kutobolea vikitokea mgongoni kwa springi hizohizo.

Sasa tuje kwenye visu vya Marekani, ambavyo ndivyo vingi kati ya vinavyoletwa kibandani pangu. Trapa ni muundo rahisi kueleweka: bapa mbili ndefu zinazotoka mwisho mmoja, kila moja na springi yake. Ile ya kampuni ya Case yenye nambari 6254 ina urefu wa takriban milimita 105 ikiwa imefungwa. Kwa kuwa bapa hizo zimelala sambamba, zote zikitazama upande mmoja, hazina haja ya kupishana uso kwa uso ndani ya chumba kimoja, nazo huonekana zimenyooka zikifunguliwa. Ni kisu kinene, lakini hakina siri.

Stokimani ndiyo yenye siri. Ina bapa tatu, na kwa kawaida springi mbili. Hesabu ndogo inaonyesha tatizo: lazima springi moja ibebe bapa mbili, kila moja mwisho wake, na zikifungwa zinaelekea kukutana katikati ya chumba kilekile chenye upana wa springi moja. Haziwezi kulala mahali pamoja. Suluhisho la viwandani ni kupindisha ubapa kidogo sana karibu na shina, ili wakati shina limesimama sawasawa juu ya springi yake, sehemu inayokata iwe imeegemea kando na kumpisha mwenzake, kama abiria wawili wanaopishana katika ujia wa basi, kila mmoja akigeuza bega. Zaidi ya kupindisha, mtengenezaji hupunguza mgongo wa ubapa kwa kuuchonga mshazari pembeni, ili palipo na unene pasikutane na unene. Ndiyo maana stokimani halali, ukiifungua na kuitazama kutoka juu, huonyesha ubapa mmoja au zaidi usiofuata mstari wa mpini. Watu huniletea nikainyooshe. Siinyooshi, kwa sababu ikinyooka haitafunga.

Nambari za Case zenyewe zinathibitisha hoja yangu. Kampuni hiyo, ambayo historia yake inaanzia mwaka 1889 na makao yake yako Bradford, Pennsylvania, hupiga nambari kwenye shina. Tarakimu ya kwanza huelezea mpini, 6 ikiwa mfupa na 3 ikiwa plastiki ya manjano. Ya pili hutaja idadi ya bapa. Zinazobaki ni za muundo. Kwa hiyo 6318 ni stokimani ya wastani ya mpini wa mfupa yenye bapa tatu, urefu takriban milimita 92 ikifungwa, na 3318 ni hiyohiyo katika mpini wa manjano. Nambari hiyo imekwambia mpini, imekwambia bapa, imekwambia muundo. Springi hazikutajwa, hizo utazihesabu mwenyewe.

Kuna muundo wa tatu ambao mimi nauona kuwa kazi ya ufundi kuliko yote, nao ni witila, kisu cha wachonga vinyago. Ukikitazama haraka utakidhani stokimani, kwa maana kina bapa tatu na springi mbili. Tofauti iko hapa: ubapa mkubwa umefungwa peke yake mwisho mmoja, na shina lake ni pana kiasi cha kukaliwa na springi zote mbili kwa pamoja. Mwisho wa pili kuna bapa mbili ndogo, kila moja juu ya springi yake, na kati yao kuna kipande chembamba cha madini kinachozitenga springi hizo, kipande ambacho huishia njiani ili springi zikutane tena kwenye shina la ubapa mkubwa. Kisu kikifungwa, ubapa mkubwa hulala katikati na wadogo wawili hupita ubavuni mwake, mmoja kulia na mmoja kushoto. Matokeo yake ni kwamba ubapa unaofanya kazi nzito ni mnene, umenyooka kabisa na mstari wa mpini, na unashikiliwa na nguvu ya springi mbili. Anayesukuma ubapa ndani ya mti kwa muda mrefu atahisi tofauti hiyo kiganjani. Ila kutengeneza ni kazi ngumu, maana springi mbili zinatakiwa ziinuke pamoja na kutua pamoja kwenye shina moja. Moja ikitua kabla ya mwenzake, mwanga utapenya mgongoni.

Kongresi sitakaa nayo sana: bapa nne, springi mbili, kila springi ikibeba ubapa mmoja kila mwisho, na mpini uliopinda. Ni tatizo la stokimani likijirudia mara mbili, na zilizotengenezwa ovyo huonekana mapema.

Karibuni kwa maswali na ubishi.

Baharia wa Pangani

Aleikum salaam, fundi. Maelezo nimeyasoma mpaka mwisho, lakini niruhusu nibishe. Sisi tunaoshinda na kamba, nyavu na matanga tunahitaji ubapa mmoja tu, ule wenye makali yaliyonyooka na mgongo ulioinama ghafla mbele, ambao hapa kwetu tunauita wa kwato. Chombo kikiyumba, ncha kali ni hatari kwa mwenzako na kwa tanga. Huo ubapa wa klipi wa stokimani yako na ule wa tatu vinanisaidia nini? Halafu chumvi. Kadiri vyumba vinavyoongezeka ndivyo maji ya bahari yanavyopata pa kujificha. Kwangu mimi bapa tatu ni kutu mara tatu.

Mnoaji wa Ngamiani

Kaka baharia, katika kamba sina ubishi na wewe. Ubapa wa kwato una makali yaliyonyooka toka shina hadi mbele, hivyo ukiulaza juu ya kamba iliyoegemezwa kwenye ubao, makali yote yanagusa kwa wakati mmoja na kamba haitelezi kwenda nchani. Klipi, ambayo mgongo wake umekatwa kwa mbele ili ncha ishuke na kuwa nyembamba, inafaa kwa samaki na kwa kazi ya kuingia mahali padogo. Kazi ya jahazini peke yake haiidai.

Kuhusu chumvi una haki zaidi ya ulivyosema. Chuma kinapogusana na shaba ya njano na kuloana maji ya bahari, chuma ndicho kinacholiwa, tena haraka kuliko kingekuwa peke yake. Katika kisu cha springi mbili, kila springi imebanwa na shaba kwa kila upande, na maji yakiingia hapo hayatoki kwa kupunga mkono. Ukiamua kubeba cha bapa nyingi baharini, chagua chenye bapa na springi za stenlesi. Case hutengeneza miundo mingi kwa vyuma viwili, kimoja cha kaboni chenye kromiamu kidogo na vanadiamu, ambacho hupigwa herufi CV, na kingine cha stenlesi, na alama SS hufuata nambari. Buck 301, stokimani nyingine inayojulikana sana, ina bapa za chuma cha 420HC, chenye kromiamu ya asilimia 13 hivi. Chuma cha kaboni cha 1095, kilichokuwa cha kawaida katika visu vya zamani vya Marekani, kina kaboni ya asilimia 0.95 hivi, kinanoleka vizuri kwenye kinoo na kukubali makali membamba, lakini ukikiacha na unyevu wa pwani usiku mmoja, asubuhi utakikuta na madoa.

Kofia za miisho mara nyingi ni za nikeli silva, aloi ya shaba, nikeli na zinki isiyo na fedha hata chembe pamoja na jina lake. Hizo hazitakusumbua, hupoteza mng'ao tu.

Mfugaji Handeni

Fundi, umetaja klipi na kwato, lakini stokimani ina ubapa wa tatu ambao watu wa mjini huuona butu na kuusahau. Huo unaitwa spei, na ulitengenezwa kwa ajili ya kuhasi mifugo. Makali yake yameinuka mbele kwa tumbo la mviringo, na ncha yake imefupishwa makusudi, ili mnyama akirusha mguu usimchome pasipotakiwa. Kwa sisi wafugaji wa Tanga hii kazi yake ya asili imepungua, kwani ng'ombe na mbuzi wengi huhasiwa kwa koleo la kubana mishipa, ambalo halikati ngozi wala halileti kidonda cha kufuatwa na nzi. Hata hivyo ubapa huo haujakosa kazi. Wakati wa Idd tunapochuna mbuzi, spei ndiyo ninayoitumia kutenga ngozi na nyama, kwa sababu lile tumbo la mviringo linafuata ngozi bila kuitoboa. Trapa yenye spei ndefu ni bora zaidi kwa kazi hiyo kuliko stokimani yenye spei fupi.

Swali langu: trapa na stokimani zikiwekwa mezani kwa bei moja, unamshauri mfugaji ipi?

Mnoaji wa Ngamiani

Mzee wangu, kwa kuchuna, trapa bila kusita. Ina springi moja kwa kila ubapa, bapa zake ni ndefu, na damu na mafuta vikiingia unaweza kuvifikia kwa urahisi zaidi kwa kuwa vyumba vyake havina bapa zinazopishana. Na usizipeleke bapa zote mbili kwenye kinoo kwa pembe moja. Spei iache nyembamba kwa ajili ya ngozi, klipi iongezee pembe kidogo ili ihimili viungo. Watu husahau kwamba faida kubwa ya kuwa na bapa mbili ni kuwa na makali ya aina mbili, moja likihifadhiwa safi wakati jingine linafanyishwa kazi chafu.

Mbebeshaji Muheza

Kaka mnoaji, hongera kwa uzi. Nina kitalu cha miche ya michungwa na nimekuwa nikitumia ubapa mdogo wa kalamu kwa kubebesha. Nimeona kisu kimoja cha zamani ambacho ubapa wake una makali yaliyonyooka lakini mgongo unashuka taratibu hadi nchani, tofauti na wa kwato unaoinama ghafla. Huo ni wa aina gani, na unafaa kazi yangu? Naona kikonyo, yaani kijiti kinachobebeshwa, nikikikata kwa kisu cha kawaida uso wake hautoki bapa kabisa.

Mnoaji wa Ngamiani

Dada, huo ni Wharncliffe, uliopewa jina la bwana mmoja wa Uingereza na kutengenezwa na Joseph Rodgers wa Sheffield, mji ambao kwa muda mrefu ndio uliouuzia ulimwengu visu vya namna hii, Marekani ikiwamo, hadi Wamarekani walipopandisha ushuru mwaka 1890 na viwanda vya kwao vikapata nafasi ya kukua. Kwa kubebesha ni umbo zuri kuliko la kalamu, kwa sababu makali yaliyonyooka hukata mstari ulionyooka na ncha yake nyembamba huchora gome kwa usahihi.

Lakini tatizo ulilolieleza halitokani na umbo. Visu vya mfukoni hunolewa pande zote mbili, na ubapa wenye pande mbili husukumwa nje ya mstari kadiri unavyoingia katika mti laini. Visu vya kubebeshea hunolewa upande mmoja tu, upande wa pili ukibaki bapa, na huo upande bapa ndio unaolala juu ya kikonyo na kukiacha na uso sawa. Ukiwa na kisu chenye bapa mbili unaweza kumpa fundi mmojawapo aunoe upande mmoja na kuuweka akiba kwa ajili ya kikonyo peke yake. Mwambie mapema kama unatumia mkono wa kushoto, maana upande bapa hubadilika.

Mwalimu wa Raskazone

Assalaam aleikum. Nimerithi kwa marehemu baba kisu chenye bapa tatu ambacho hakijafunguliwa kwa muda mrefu. Ubapa mdogo mmoja unaukwaruza ubapa mkubwa kila ninapoufunga, na kwenye makali ya ule mkubwa, karibu na katikati, kuna alama ndogo nyeupe iliyolala. Fundi mmoja mtaani aliniambia atautengua ubapa kwa koleo hadi usiguse. Nimeogopa. Ushauri wako ni upi?

Mnoaji wa Ngamiani

Aleikum salaam, mwalimu. Umefanya vyema kuogopa. Ubapa uliokwisha kufanywa mgumu kwa kupashwa moto na kupozwa ghafla ukipindishwa ukiwa baridi unaweza kukatika palepale shinani, na hakuna atakayekuuzia mwingine.

Anza na usafi, kwa sababu mara nyingi kinachozisukuma bapa zikwaruzane ni uchafu wa mfuko ulioganda chini ya chumba pamoja na mafuta ya zamani. Fungua bapa zote nusu, kizamishe kisu katika mafuta ya taa, chokonoa vyumba kwa kijiti cha mti na kamwe usitumie msumari, kisha kipanguse, kiache kikauke juani mtu mzima akiwa karibu, na utie tone la mafuta ya cherehani kwenye kila ribiti. Kifungue na kukifunga mara kadhaa. Mafuta yatatoka meusi, yapanguse, utie mengine. Kama mpini ni wa mfupa, usiuache ndani ya mafuta ya taa kwa muda mrefu, kwa kuwa mfupa hunyonya na kubadilika rangi.

Kisha tafuta mahali panapogusana. Upake ubavu wa ubapa mkubwa wino wa maka peni, uache ukauke, funga na kufungua ubapa mdogo taratibu, halafu tazama wino umefutika wapi. Ukifutika kwa mstari mwembamba juu ya ubavu tu, huo ni mguso wa kawaida wa visu vya bapa zinazopishana, na visu vipya kabisa vya viwandani navyo huwa nao. Ukifutika kwenye makali, hapo kuna kasoro ya kweli, na mara nyingi sababu yake ni ribiti iliyolegea. Shika ncha ya ubapa ukiwa wazi, uusukume kushoto na kulia. Ukicheza, fundi ataigonga ribiti kidogokidogo kwa nyundo ndogo juu ya fuawe, akijaribu ubapa baada ya kila pigo, kwa sababu pigo moja la ziada litaufanya usifunguke.

Ile alama nyeupe ni jambo jingine. Shina lina kisigino kidogo upande wa chini, ambacho ubapa ukifungwa hutua juu ya springi na kuyazuia makali yasiifikie. Mtu akiuachia ubapa ujifunge kwa kishindo, springi hunepa, makali yakagonga chuma na kubonyea. Hutokea pia pale mtu anapopiga tupa kisigino kwa sababu ncha ya ubapa ilikuwa imechomoza. Ubapa huzama ndani, ncha ikajificha, na makali yakaanza kuumia. Ingiza ukanda mwembamba wa karatasi kati ya makali na springi, ufunge ubapa polepole kwa vidole. Karatasi ikitoka nzima, tatizo lilikuwa kishindo tu: noa alama iishe, na kuanzia hapo usiuachie ubapa ujifunge wenyewe. Karatasi ikikatika, kisigino kimeliwa. Tupa haiwezi kurudisha chuma kilichokwisha ondoka, hivyo hapo hunolewa sehemu ile ya makali hadi ipande juu ya springi, na ubapa unabaki na upungufu mdogo katikati.

Kabla ya yote hayo, tuwekee picha mbili: moja ya mgongo, kisu kikiwa kimefungwa, na nyingine kutoka juu, bapa zote zikiwa nusu wazi.

Kijana wa Makorora

Fundi, hizo picha mbili ndizo pia za kumwomba muuzaji wa mtandaoni? Mimi nimeoneshwa stokimani ya Old Timer, na muuzaji anasema ni ya Marekani.

Mnoaji wa Ngamiani

Ndizo hizohizo, na uongeze ya tatu ya maandishi yaliyopigwa kwenye shina. Old Timer ilikuwa ya Schrade, ambao kiwanda chao cha New York kilifungwa mwaka 2004. Jina liliendelea kutumika kwenye visu vilivyotengenezwa China. Jina lililochapishwa kwenye mpini halikwambii chochote kuhusu hilo, shina ndilo linalosema. Visu vya China vya bei ndogo si vibaya vyote, na viko vyenye springi zilizokaa sawa kuliko baadhi ya vile vya zamani vilivyochakaa, mradi ulipe bei ya kisu cha China.

Katika picha ya mgongo, tazama kama springi na bamba za pembeni zimelala kwa usawa mmoja. Springi iliyozama au kuchomoza wakati kisu kimefungwa, halafu ikawa tofauti tena kinapokuwa wazi, ni dalili ya shina lililoliwa. Nyufa kwenye springi huanzia karibu na ribiti ya katikati. Springi ikikatika, kisu cha namna hii hakitengenezeki bila kufumua ribiti zote.

Mwalimu wa Raskazone

Picha nimeziweka. Kisu nimekisafisha kama ulivyoelekeza, na mkwaruzo umepungua sana. Wino umefutika ubavuni tu. Karatasi ilitoka nzima. Sikuona maandishi yanayosomeka kwenye shina.

Mnoaji wa Ngamiani

Nimeziona, mwalimu. Springi ni mbili, na kati yao kuna ule wembamba wa madini unaoishia njiani. Tazama mwenyewe upande wa kulia wa picha ya kwanza, utaona springi zinakutana bila kitu kati yake, na shina la ubapa mkubwa limezikalia zote mbili. Bapa ndogo zote ziko mwisho wa pili. Kwa hiyo si stokimani kama mtu angeweza kudhani, ni witila, na mwanga haupenyi kati ya springi na shina. Kile kibonyeo kwenye makali kitaisha kwa kinoo laini. Asije mtu akaupunguza unene wa ubapa mkubwa kwa jiwe la umeme ili usiguswe na wadogo: unene wa shina lake ndio unaofanya springi zote mbili ziushike, nao ukiondoka ubapa utayumba na hakuna ribiti itakayoukaza.